Mume wangu hawezi tena kufanya kazi. Tukiachana, nimlipe matunzo?

BARUA

Shikamoo mshauri.

Mimi ni mama wa miaka 43, mkazi wa Mwanza. Nauza dagaa wa jumla pale Mwaloni, Kirumba. Wauza dagaa tuko wengi pale, kwa hiyo sehemu unaweza kuiacha ilivyo, ila jina langu naomba ulifiche.

Tulifunga ndoa kanisani mwaka 2004. Mume wangu alikuwa dereva wa lori, safari zake Mwanza na Dar, mara nyingine anavuka hadi Kigali. Mimi nilikaa nyumbani na watoto. Mwaka 2010 yeye mwenyewe alinipa shilingi laki nne, akasema nisikae bure. Nikanunua magunia machache, nikaomba pa kuyaweka kwenye banda la mama mmoja aliyenitangulia, nikaanza. Leo nina banda langu, nina vijana wawili wa kubeba, napeleka mzigo Dar, na wateja wa Congo wananipigia simu wenyewe. Simsingizii, mwanzo ulikuwa wa hela yake. Lakini kuamka usiku kuwahi boti za visiwani zikishusha, kuanika upya mzigo uliolowa njiani, kupepeta mchanga, kubishana na madalali, hayo yote nimeyafanya mimi.

Mwaka 2019 alipata ajali karibu na Singida. Aliumia mgongo na mguu wa kushoto, akawekewa vyuma. Anatembea kwa fimbo. Akikaa kwenye kiti muda mrefu anaanza kutokwa jasho kwa maumivu. Kuendesha ndiyo basi tena. Tajiri wake alitoa kiasi kidogo cha pole, kikaishia hospitali.

Nikiwa namuuguza, simu yake iliita, nikapokea. Mwanamke wa Kahama. Aliuliza kwa nini hela ya shule ya mtoto haijatumwa. Ndipo nikajua ana mtoto huko, na mtoto mwenyewe si mchanga. Wazee wa kanisa walitukalisha, akaomba msamaha, nikasema nimesamehe. Nilisema kwa mdomo.

Tangu hapo yeye ndiye yuko nyumbani. Sitamnyima haki yake: anapika, anamsubiri mdogo wetu wa darasa la nne akitoka shule, anamsimamia hesabu zake. Lakini maneno yake, mshauri! Nikirudi alfajiri kutoka kupokea mzigo ananiuliza nimetoka kwa nani. Aliwahi kumpigia mteja wangu mmoja akamwambia mimi si mwanamke wa kufanya naye biashara. Kila siku ni wimbo mmoja, mtaji ni wake, bila yeye ningekuwa nachuna mchicha kwetu. Hajawahi kunipiga. Nalala chumba kingine mwaka wa pili sasa.

Mwezi uliopita nilimwambia nataka talaka. Nilidhani atapiga kelele. Akanyamaza, kisha akasema, “Sawa. Ila utanilipa matunzo, sheria ipo.” Nilicheka. Usiku sikulala.

Nikawaita kaka zangu. Mkubwa alisema hajawahi kusikia mwanaume akilishwa na mwanamke aliyemwacha, hiyo ni mahari ya kinyume, na kwetu Usukumani watatucheka mpaka wajukuu. Akashauri nimpe milioni tano, tuandikishane mbele ya mwenyekiti wa mtaa na mashahidi, mambo yaishe. Wa pili alishauri kwamba kabla ya yote nihamishie hela kwenye laini ya ndugu yetu mdogo, halafu nikiulizwa niseme mtaji umekufa.

Naomba unijibu. Ni kweli mwanamke anaweza kuamriwa kumtunza mwanaume, tena aliyezaa nje? Kama ni kweli, ni shilingi ngapi? Kazi yangu haina mshahara. Giza likiwapo tunapata, siku za mbalamwezi wavuvi wanalala na sisi tunalala. Na ni mpaka lini, mpaka afe? Nyumba yetu ya Igoma ina hati ya jina lake, vyumba viwili vya mbele tumepangisha. Mkubwa wetu yuko chuo, wa kati yuko kidato cha tatu. Yule mdogo ameshaniambia akichagua, atabaki na baba. Hilo ndilo limeniuma kuliko yote. Nimekuwa mtu mbaya?

Mama wa Mwaloni, Mwanza

JIBU

Marahaba, mdogo wangu. Pole kwa kuuguza, na pole kwa kubeba nyumba nzima huku ukiulizwa umetoka kwa nani.

Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja, kwa sababu kwa kawaida napokea ya upande wa pili: mama aliyekaa nyumbani miaka na miaka, mume ana kipato, na sasa anaambiwa aondoke na begi lake. Ya kwako imegeuza viti. Wewe ndiye mwenye banda, yeye ndiye anayepika na kumsubiri mtoto. Nitakuomba jambo moja unaposoma haya. Kila ninapoandika “mume”, jaribu kuweka “mke” uone kama moyo wako unajibu vilevile. Simaanishi kwamba ukijibu tofauti umekosea. Nataka tu ujue ni wapi inakuuma hela na ni wapi inakuuma fedheha, maana dawa zake ni mbili tofauti.

Tuanze na lile lililokunyima usingizi. Alichokuambia kipo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 63, inaweka wajibu wa kutunza kwanza kwa mume: malazi, mavazi na chakula kulingana na uwezo wake. Lakini kifungu hichohicho kinamgeukia mke mwenye uwezo, pale mume anaposhindwa kabisa au kwa kiasi kujipatia riziki kwa sababu ya kuumia au ugonjwa, wa mwili au wa akili. Na kifungu cha 115, kinachohusu amri za mahakama, kinasema mahakama inaweza kumwamuru mwanamke amtunze mume au aliyekuwa mume wake katika hali hiyo, ikiridhika kwamba kwa uwezo alionao ni haki kufanya hivyo. Kwa hiyo hakusikia vibaya huko alikosikia. Ila naye anatakiwa ajue kwamba neno lililotumika ni “inaweza”. Mwanaume mzima wa afya aliyeachwa na mke tajiri hana mlango hapo. Wenye mlango ni walioumia, na hata wao inawabidi wauthibitishe huo ulemavu kwa vyeti vya daktari. Fimbo peke yake haitoshi.

Na hapo kwenye “kwa kiasi” ndipo penye mjadala wenu. Hawezi kuendesha lori, hilo halina ubishi. Je, hakuna kazi nyingine? Dereva aliyezunguka barabara zile miaka yote anajua mizigo, anajua vituo, anajua watu. Hakimu anaweza kuuliza kama hawezi kukaa kwenye ofisi ya vifurushi kwa saa chache, au kusimamia wapangaji. Yeye anaweza kujibu kwamba mgongo haumruhusu. Sijui ukweli uko wapi, na nadhani hata ninyi wawili hamjawahi kulizungumza kwa utulivu, kwa sababu kila mkianza mnaishia Kahama.

Sasa hiyo Kahama. Umeuliza, “tena aliyezaa nje?” Nimekuelewa. Ndani yake kuna imani kwamba aliyekosa amepoteza haki zote. Kifungu cha 116 kinasema kiasi cha matunzo kitapimwa hasa kwa uwezo wa mlipaji na mahitaji ya mlipwaji. Baada ya hapo ndipo mahakama inatazama mambo mawili: nani alichangia kwa kiwango gani kuvunjika kwa ndoa, na desturi za jamii yenu. Kosa lake limo kwenye hesabu na linaweza kukishusha kiasi. Lakini halimo kwenye nafasi ya kwanza, na hakimu hatalisikia peke yake. Mumeo atasema mlikalishwa, mkasameheana, mkaendelea kuishi. Atasema wewe ndiye uliyehama chumba. Utakuwa na majibu yako, na ni ya kweli, ila jiandae kuyatoa mbele ya watu.

Na hapo nikurudishe kwenye sentensi uliyoiandika upesi upesi: “Hajawahi kunipiga.” Umeiandika kama vile maneno yake hayahesabiki. Sheria inapotaja ukatili kama ushahidi wa ndoa kuvunjika, inataja wa mwili na wa akili pia. Kumpigia mteja wako simu na kukuchafua ni jambo kubwa. Limegusa heshima yako na limegusa riziki ambayo yeye mwenyewe anaitegemea. Kama mteja yule yuko tayari kusema alichoambiwa, kumbuka jina lake. Na kama maneno yatageuka vitisho, Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi linapokea kesi za namna hiyo hata kama hakuna jeraha la kuonyesha.

Kuhusu desturi, kaka yako mkubwa ana hoja kuliko anavyodhani, na pia ana hoja ndogo kuliko anavyodhani. Mahakama inaruhusiwa kutazama mila zenu. Lakini sheria iliyotamka wazi kwamba mke anaweza kuamriwa kumtunza mume mgonjwa haifutwi kwa kicheko cha Usukumani. Halafu nikuulize kitu. Leo hii nani ananunua dawa za mgongo? Nani analeta unga? Mahari hiyo ya kinyume umekuwa ukiilipa tangu mwaka 2019 na hakuna aliyecheka, kwa sababu ilikuwa ndani ya ndoa. Kama kinachokuuma ni kutoa hela, hilo ni la hesabu na linazungumzika. Kama kinachokuuma ni kuitwa mlipaji, hapo hakuna kiasi kitakachokupa amani, hata wakikuambia shilingi elfu kumi.

Umeuliza ni shilingi ngapi. Hakuna jedwali, mdogo wangu. Hakuna asilimia iliyoandikwa mahali kwamba mwenye banda atoe kiasi hiki. Hakimu anasikiliza vipato na matumizi ya kila upande, kisha anapima. Ndiyo maana kile ulichokiandika kuhusu giza na mbalamwezi ni cha thamani kuliko unavyofikiri. Mtu asiyejua dagaa atachukua siku moja nzuri, atazidisha kwa siku thelathini, na utaamriwa kulipa hela ambayo mwezi wenyewe haukuwahi kuizaa. Daftari lako la mzigo, stakabadhi za usafiri, ushuru wa mwalo, hela za wabebaji, miamala ya simu, vikusanye vya mwaka mzima ili mbalamwezi zote zionekane humo. Unaweza hata kuomba malipo yapangwe kufuata mzunguko wa biashara. Mahakama haifungwi kukubali, lakini haitawaza hivyo kama hujaisema.

Sasa unaona kwa nini ushauri wa kaka wa pili unanitia hofu. Kuhamisha hela kwenye laini ya ndugu yenu mdogo na kusema mtaji umekufa ni kwenda kuapa uongo, na kuapa uongo mahakamani ni kosa la jinai. Tena mumeo anaijua biashara yako tangu gunia la kwanza. Anawajua wateja kwa majina, mmoja ameshampigia simu! Hakimu akishakukuta na uongo mmoja, hata ukweli wako wa mbalamwezi hatausadiki. Na yule ndugu yenu mdogo utakuwa umemwingiza kwenye kesi isiyomhusu. Huyo kaka anakupenda, ila kwenye hili msikilize kwa sikio moja.

Kaka mkubwa na milioni tano zake nitamchukulia kwa uzito zaidi, kwa sababu wazo la kumaliza kwa mkupuo si baya. Sheria yenyewe inalitambua, kifungu cha 118: mnaweza kukubaliana kiasi kimoja, cha fedha au cha mali, kinachofunga madai yote ya matunzo ya baadaye. Tatizo ni pale anapotaka muandikishane. Makubaliano ya namna hiyo hayana nguvu mpaka mahakama iyaidhinishe. Karatasi ya mwenyekiti wa mtaa, hata ikiwa na mashahidi kumi na mhuri wa bluu, haimzuii mumeo kurudi baada ya mwaka akidai matunzo kana kwamba hajapokea kitu. Ikishaidhinishwa na mahakama, hapo inakuwa kinga yako kamili. Usitoe hata shilingi kwa masharti ya “tumemalizana” kabla hujapita huko.

Na hata ukipita, fikiria pande zote. Mkupuo unakupa kupumua: hakuna tarehe 30 ya kusubiriana, hakuna simu za “mbona hujatuma”. Lakini milioni tano mkononi mwa mtu mwenye mgongo mbovu na mtoto Kahama zinaweza kukatika kabla ya masika mawili. Kisheria utakuwa huna deni. Watoto wako je, wakija kukuambia baba amelala njaa? Wapo wanaoweza kuishi na swali hilo na wapo wasioweza. Jipime wewe, si kaka.

Malipo ya kila mwezi nayo yana sura yake. Yatawafunganisha, na ninyi mmeshachokana. Ila hayana umilele ulioogopa. Yanakoma mmoja wenu akifariki. Yanakoma akioa tena. Na hali ikibadilika kwa kiasi kikubwa, kwa mfano ziwa likigoma au yeye akipata kipato, kila mmoja ana haki ya kurudi mahakamani kuomba amri ibadilishwe. Jambo ambalo wengi halijawafikia: amri ya matunzo inaweza kutolewa hata kesi ikiwa bado inaendelea, kabla ya talaka kutoka. Usije ukashtuka.

Kuna kitu kimoja kimechanganyika kwenye barua yako na kwenye maneno ya mumeo, nacho ndicho chanzo cha nusu ya ugomvi wenu. Mmeweka kila kitu kwenye fungu moja. Matunzo ya mwenza ni fungu lake. Mgawanyo wa mali mliyochuma pamoja ni fungu jingine. Matunzo ya watoto ni la tatu, na hilo ni haki ya watoto. Halipungui kwa sababu baba alikosea wala mama kachoka.

Anaposema “mtaji ni wangu”, anadai matunzo? Hapana, hapo anazungumzia mali. Na kwenye mali, kifungu cha 114, mahakama itatazama mchango wa kila mmoja wa fedha, wa mali au wa kazi. Laki nne zake zimo. Saa zako za usiku zimo. Lakini pia upo uamuzi wa mwaka 1983 wa Mahakama ya Rufani, shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Seif, uliosema kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya familia. Uamuzi ule umewabeba akina mama wengi waliokuwa wakiambiwa “wewe ulikuwa unakaa tu.” Ukae ukijua kwamba wakili wa mumeo anaweza kuutumia kwa ajili ya mwanaume anayepika ugali na kusimamia hesabu za darasa la nne. Na wakili wako anaweza kuutumia kwa miaka ile sita uliyokaa na watoto yeye akiwa barabarani. Hizo zote ni hoja, matokeo yake siwezi kukutabiria.

Nyumba ya Igoma isikutie presha ya hati. Jina lake kwenye hati haliifanyi iwe yake peke yake kama mliijenga ndani ya ndoa, na kwa kuwa ni nyumba ya familia hawezi kuiuza wala kuiweka rehani bila ridhaa yako. Ukiwa na wasiwasi unaweza kuweka zuio kwenye ofisi ya ardhi.

Lakini ile nyumba inaweza kuwa na jibu ambalo kaka zako hawakuligusa. Vyumba viwili vya mbele vina wapangaji. Tuseme katika mgawanyo yeye anabaki na sehemu ile au na kodi yake, na wewe unabaki na banda na mtaji bila mtu kuugusa. Mahitaji yake yamepungua kwa kodi, na yakipungua, matunzo nayo yanapungua au hayahitajiki. Heshima yake inapona kidogo, maana anakula kodi ya nyumba yake, si kulishwa kwa mkono wako. Hatari yake ni kwamba wewe utahitaji pa kulala, na nyumba iliyojengwa kwa jasho la wawili kumwachia mmoja inauma. Sikuambii ufanye hivyo. Nakuonyesha kwamba mafungu yakitenganishwa, yanaweza kupangwa upya.

Talaka yenyewe huanzia kwenye bodi ya usuluhishi wa ndoa, ya kata au ya dini. Wazee wa kanisa kuwakalisha hakutoshi kama baraza lao halitambuliwi kisheria, waulize. Bodi ikishindwa kuwapatanisha inatoa hati, na bila hati hiyo mahakama kwa kawaida haipokei shauri. Wengine huishia njia ya kati, kutengana bila talaka, kwa makubaliano au kwa amri ya mahakama, na hapo matunzo yanaweza kuandikwa kwa masharti yao wenyewe. Sijakusikia ukiitaja. Huenda huitaki, huenda hukujua kama ipo. Nami sijakuuliza kama kuna lolote ambalo mumeo akilifanya ungebaki, kwa sababu barua yako haikunipa nafasi ya kuuliza. Bodi itakuuliza.

Tuje kwa mdogo. Umesema hilo ndilo limekuuma kuliko yote, ukaliweka mwishoni kabisa. Mtoto wa darasa la nne akisema atabaki na baba, mara nyingi anataja mtu aliyepo nyumbani saa nane mchana. Baba yupo kwa sababu ameumia, wewe haupo kwa sababu unatafuta ada ya huyohuyo mtoto, na yeye hajui hayo yote. Mahakama itasikiliza matakwa yake na itatazama ustawi wake. Akibaki na baba, utachangia matunzo yake na utakuwa na haki ya kumwona. Usimuulize tena achague. Na mumeo asimuulize. Kama kuna jambo moja mnaloweza kukubaliana leo kabla ya mengine yote, ni hilo.

Umeuliza kama umekuwa mtu mbaya. Nimesoma barua ya mwanamke aliyeandika, bila kuulizwa, kwamba mtaji ulikuwa wa mume, kwamba anapika, kwamba anamsimamia mtoto hesabu. Watu wengi wenye hasira kama yako hawaandiki hivyo. Na mumeo, ukimtazama siku moja ukiwa umepumzika, huenda ukaona mtu aliyekuwa anavuka mipaka na lori na sasa anaomba hela ya vocha. Hofu hiyo haimpi ruhusa ya kukutukana. Inaweza kueleza kwa nini neno la kwanza alilolisema uliposema talaka lilikuwa “matunzo”, wala hakukuomba msamaha.

Tafuta wakili au msaidizi wa kisheria aliyesajiliwa kabla ya kikao chochote cha ukoo. TAWLA, chama cha wanasheria wanawake, na LHRC, Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, wana huduma ya bure, ila kwa kuwa ni ya wasio na uwezo, wewe unaweza kuambiwa ulipe na mumeo akahudumiwa bure. Usikasirike, ndivyo ilivyopangwa. Muulize huyo wakili mambo mawili: makubaliano ya kifungu cha 118 yanaandikwaje ili mahakama iyakubali, na kodi ya vyumba itahesabiwaje kwenye kipato cha mumeo.

Na kuna swali ambalo hakuna aliyeliuliza kwenye barua nzima. Mumeo alikuwa ameajiriwa, na aliumia akiwa kazini. Tajiri alitoa pole. Je, ajali ile iliripotiwa kwenye Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi? Je, alikuwa anachangiwa NSSF, ule mfuko wa hifadhi ya jamii, na kama ndiyo, aliwahi kuulizia pensheni ya ulemavu? Madai haya yana ukomo wa muda, na miaka imeshapita, kwa hiyo inaweza kuwa wamechelewa kwa sehemu. Lakini kila shilingi anayostahili kutoka huko ni shilingi ambayo hatahitaji kuidai kwako, na kumsaidia kuifuatilia hakukufungi kwenye ndoa. Kama kadi yake ya NSSF na karatasi za hospitali bado zimo ndani ya nyumba, zitafuteni wiki hii, muende naye ofisini kwao hata kama mnasafiri daladala tofauti.